Sabufa Chini ya Kiti cha Pahalwan

Gari likiinama upande mmoja, watu wengine huona springi zimechoka. Nazakat huona riziki. Alasiri hiyo alikuwa amejinyoosha kwenye benchi la Phajja muuza chai, mtaa wa mafundi wa magari hapa Gujranwala, kandambili kavua, glasi ya chai kaiweka juu ya tumbo, pale Mehran nyeupe, kigari kidogo cha kwetu, ilipokata kona ikiwa imelala upande wa dereva hadi mlango unakaribia kugusa lami.

"Pahalwan Meraj Din huyo," Phajja alisema bila kuacha kukoroga sufuria. "Usimguse."

"Nani kasema namgusa? Namkaribisha tu."

"Siku ya Idi alimtegua mkwewe bega. Na alikuwa anamkumbatia kwa mapenzi."

"Basi mimi nitampungia mkono kwa mbali," Nazakat alisema, akaanza kutafuta kandambili kwa mguu.

Sisi watu wa Gujranwala tunajulikana kwa mambo mawili, mieleka na ulaji, na anayeshindwa la kwanza hubaki na la pili. Wengi wetu, mkitutazama, mtajua tumebaki na lipi. Pahalwan Meraj Din, na kwetu Pahalwan ni jina la heshima la mwanamieleka, aliyaweza yote mawili. Mieleka alishastaafu, akabaki kuwafundisha vijana, na ili apate kula akauza maziwa. Maziwa yenyewe yalikuwa mepesi kiasi kwamba paka wa mtaani kwetu waliyanusa, kisha wakaenda kunywa maji ya bomba, ambayo angalau hayakujifanya kitu kingine.

Naye Nazakat alikuwa fundi wa redio za magari. Kwetu fundi yeyote wa magari huitwa Ustadh, awe anajua kazi au hajui. Nazakat aliijua kazi sana, tatizo ni kwamba kuifanya kulimchosha. Mimi ninayewasimulia nina spika zake mbili nyumbani. Ni masanduku imara, watoto wanawekea viatu.

Kitu kimoja tu maishani mwake kilikuwa halisi, nacho ni sabufa yake mwenyewe ya inchi kumi na mbili, iliyokaa nyuma ya siti ya Mehran yake chini ya kitambaa cha mahameri. Aliinunua zamani kwa jasho lake, kabla hajagundua kwamba jasho la wengine linapatikana kwa urahisi zaidi. Aliiita Malika. Mama yake akimuuliza ataoa lini, Nazakat alikuwa anaongeza sauti.

Pahalwan akasimamisha gari. Alishuka kwa awamu, kwanza mguu, kisha tumbo, kisha yeye mwenyewe.

"Ustadh nani hapa?"

"Mtumishi wako, Pahalwan-ji."

"Nataka ile ngurumo." Akajipiga kifuani. "Ile inayogonga hapa. Vijana wangu wote wa mieleka wanayo kwenye vigari vyao. Mimi mwalimu wao napita nyuma na kiredio kinalia kama mbu. Ni adabu hiyo?"

"Si adabu hata kidogo."

Nazakat akalizunguka gari, mikono nyuma, uso wa mtu anayekagua msiba. Buti lote lilikuwa limeliwa na mtungi wa gesi ya kuendeshea gari. Siti ya nyuma iling'olewa kupisha madebe ya maziwa. Chini ya dashibodi palikuwa na magoti ya Pahalwan, na hayo hayakuwa na pengine pa kwenda.

"Najua unachotaka kusema," Pahalwan alisema kwa huzuni. "Mafundi wawili wameshanifukuza. Wa kwanza kasema nipunguze madebe. Wa pili kasema nipunguze mwili."

"Hao si mafundi, Pahalwan-ji, hao wachinjaji. Nafasi ipo. Umeikalia."

"Wapi?"

"Chini ya kiti chako."

Pahalwan akainama, akachungulia, akainuka mwekundu. "Hapo haingii hata kandambili! Sabufa si inataka sanduku?"

"Umesema." Nazakat akamsogelea na kushusha sauti, kama daktari mwenye habari njema asizotaka wagonjwa wengine wazisikie. "Sabufa inataka sanduku ili sauti ipate pa kuzunguka. Mtu mwembamba kama mimi akikalia sabufa, sauti inapita zake. Lakini wewe? Kifua hiki? Mbavu hizi? Pahalwan-ji, wewe mwenyewe ndiye sanduku. Wajapani wamelitafuta sanduku la namna hii wakalikosa, wakaishia kutumia mbao, kwa sababu kwao hakuna mtu wa saizi yako."

Pahalwan akajitazama kifua chake kana kwamba kimerudi kutoka safari ndefu. Jamani, mwambie mwanamieleka mstaafu kwamba kifua chake bado kina kazi, uone kama atabaki na akili zake.

"Mimi sanduku?" aliuliza kwa upole.

"La inchi kumi na nane."

Wakapatana papo hapo. Pahalwan angetoa noti chache leo, na kinachobaki angekilipa kwa donge la siagi kila asubuhi maadamu kitu kile kinafanya kazi. Nazakat alikubali haraka mno, maana noti za leo zilimtosha, na alijua kitu kile hakitafika wiki. Akatoa sharti moja tu, kiti kisifunguliwe kamwe, vumbi likiingia basi tena.

Na kitu chenyewe kilikuwa nini? Kilikuwa kimota cha feni ya rejeta kutoka kwenye rundo la vyuma chakavu, ambacho Nazakat alikifunga kipande cha chuma kwenye bapa moja la feni ili kikizunguka kichechemee. Akakichomeka chini ya kiti, akakiunganisha na waya za redio. Redio ikiwaka, mota inatetema. Redio ikizimwa, mota inalala. Kazi nzima ilimalizika Pahalwan akiwa bado anakunywa chai.

Kabla ya majaribio, Nazakat alirudisha nyuma Mehran yake mwenyewe hadi bampa zikagusana, "ili upepo usipotoshe sauti," alieleza. Pahalwan akakaa, wimbo wa ngoma za harusi ukafunguliwa redioni, Nazakat akaifungua kwa siri stesheni ile ile kwenye gari lake, na Malika, kule nyuma chini ya mahameri, akanguruma. Kiti kikatetemeka. Mashavu ya Pahalwan yakatetemeka. Madebe yakaanza kugongana.

"Wah!" Pahalwan alifumba macho. "Naisikia hadi kwenye meno!"

"Hilo ndilo sanduku linafanya kazi," Nazakat alisema.

Phajja alikuwa ameyaona yote. Gari lilipoondoka, akaja kufuta benchi ambalo halikuwa chafu. "Utazikwa ukiwa umekunjwa," alisema. "Kaburi lako litakuwa la mraba."

"Mtu akifurahi, Phajja, kadanganywa nini?"

Siku chache zikapita na siagi ikawa inafika kila asubuhi, imefungwa kwenye jani, nyeupe, tamu, mali safi. Nazakat alishangaa kidogo. Mtu anayetia maji kwenye maziwa hivi, siagi nzuri namna hii anaipata wapi? Lakini mdomo ukijaa siagi, maswali hukosa nafasi.

Alhamisi asubuhi Mehran nyeupe ikarudi. Phajja akaanza kuondoa glasi zake mezani moja moja. Nazakat alikuwa amevaa kandambili moja na anaitafuta ya pili ili akimbie kwa heshima, pale mikono miwili ilipomnyanyua kutoka kwenye benchi. Alisikia mgongo wake ukilia ka-ka-ka. Akasoma shahada.

"Ustadh wangu!" Pahalwan akamtua chini na kumtia ladu zima la sukari mdomoni. "Leo alasiri kuna mkutano kwenye uwanja wangu wa mieleka. Vijana wote watakuwepo. Nimewasimulia hii ngurumo. Wote vifua vinene, wote wana vigari, wote wanataka kuwa masanduku."

Nazakat akameza ladu bila kutafuna. "Wote?"

"Wote. Na mbele yao nitakuwa mwanafunzi wako. Nitakufunga kilemba kwa mikono yangu."

Hapa naomba mnielewe. Kwetu uwanja wa mieleka una adabu zake. Mtu akifungwa kilemba pale amekuwa mwalimu wa huyo aliyemfunga, ni kama baba, na alichompa mwanafunzi kwa mkono wake siku hiyo hakirudishwi. Nazakat alizijua adabu hizo tangu utotoni, kama sisi sote. Ila wakati ule kichwani mwake mlikuwa na picha ya kilemba tu, nacho kilimkaa vizuri sana.

"Nimewaambia ngurumo yangu itasikika hadi ng'ambo ya mfereji," Pahalwan aliendelea.

Nazakat akaitupia jicho Mehran yake. "Itasikika... nje?"

"Mimi nasikia kwa kifua. Wao watasimama nje wasikie kwa masikio." Mkono ukatua begani pa Nazakat, ukakaa. "Si itasikika, Ustadh?"

"Itasikikaje isisikike! Nitakuja na gari langu, nipange nyuma yako..."

"Uwanjani haliingii gari ila langu. Ni adabu." Pahalwan akampa funguo. "Nakuachia hili hadi adhuhuri, ulifute ling'ae. Halafu lile debe kubwa la pembeni limetoboka chini, nilikuwa nakwenda kulitupa. Usijisumbue nalo."

Akaenda zake kwa miguu, na watu wakampisha njia.

Nazakat alikaa kwenye benchi akajishika kichwa. Akikimbia, atakosa vifua vyote vile, yaani mavuno ya maisha. Asipokimbia, ngurumo ya kimota cha rejeta haitafika hata kwa Phajja, seuze ng'ambo ya mfereji, na bega lake litakwenda njia ya bega la mkwe. Kukawa na njia moja tu. Aliinuka taratibu, akaenda kwenye gari lake, akafunua kitambaa cha mahameri.

"Kwa alasiri moja tu, mpenzi wangu," alimwambia. "Jioni unarudi nyumbani."

Debe lililotoboka lilikuwa limelala pembeni, kubwa, la chuma kizito. Tundu la chini lilikuwa la mviringo kamili, na Malika aliingia bila kukwaruza hata kidogo. Nazakat alifurahi kwa bahati hiyo. Hakujiuliza ni kutu gani ya Gujranwala inayojua kuchora duara.

Na hapo likatokea jambo ambalo mtaa wetu haujaliona kabla. Nazakat alifanya kazi. Alikunja mikono ya shati, akapaka gundi ukingoni, akafunga skrubu moja baada ya nyingine, akalaza pamba ndani ya debe ili sauti isivume ovyo, akapitisha waya chini ya zulia, akaficha amplifaya nyuma ya madebe. Kila alipomaliza alirudia tena kukaza. Alikuwa anaimba. Phajja alikuja kumletea chai akakuta anatokwa jasho, akarudi haraka kuita watu waone.

"Sabufa ndani ya debe la maziwa!" Phajja alisema. "Umerogwa?"

"Kimya. Inakwenda na kurudi. Ni ya kuazima tu."

Alasiri uwanja ulijaa. Vijana walikaa kuzunguka shimo la mchanga, mapaja wazi, miili inang'aa mafuta, na wapiga ngoma wawili walisimama pembeni. Pahalwan akaingiza Mehran polepole hadi ukingoni. Akashuka kwa awamu zake. Akakunjua kitambaa cha rangi ya waridi, akamzungushia Nazakat kichwani mara baada ya mara, akainama akamgusa miguu kwa heshima mbele ya wote. Nazakat, ambaye maishani mwake aliguswa miguu na mbwa tu, alihisi machozi.

"Huyu ndiye mwalimu wangu!" Pahalwan alisema. "Sasa sikieni alichonifungia kwa mikono yake!"

Redio ikafunguliwa. Malika akanguruma toka ndani ya debe, na wallahi, hajapata kunguruma hivyo. Chuma kilimpa sauti nzito, safi, iliyopita chini ya ardhi kabla ya kufika masikioni. Mchanga wa shimoni ulirukaruka. Kunguru wakahama. Ng'ambo ya mfereji mtu akapiga kelele akiuliza kama ni tetemeko. Nazakat alisimama na kilemba chake, akasikia kifua chake chembamba kikigongwa, akaona fahari. Kwa muda huo hakuwa mwizi wa mtu yeyote.

"Wah, Ustadh! Wah!" Vijana wakainuka, wakaanza kumzungushia noti juu ya kichwa na kuzimwaga, noti juu ya noti, zikawa zinamporomokea mabegani. Nazakat alizifuata kwa macho, akiwa ameshanunua nyumba. Alipoinama kuiokota ya kwanza, mkono mwingine uliiwahi.

"Samahani, Ustadh," alisema mpiga ngoma.

Hapo ndipo alipokumbuka. Kwetu noti zinazomwagwa juu ya kichwa cha mwenye heshima si za mwenye kichwa. Ni za wapiga ngoma. Hata harusini, bwana harusi akiokota moja anachekwa hadi kwa wajukuu. Nazakat akajiinua, akajifanya alikuwa anafunga kandambili, ambayo haina kamba.

"Haidhuru," alijiambia. "Oda zao ndizo zenye pesa." Akamsogelea Pahalwan, akasema chini chini, "Pahalwan-ji, niachie gari nilirekebishe kidogo. Kesho asubuhi utalipata."

"Kurekebisha?" Pahalwan akapaza sauti hadi wapiga ngoma wakanyamaza. "Kizuri hivi? Vijana! Ustadh wangu anataka kukiboresha tena! Siku ya kilemba kaniwekea kitu cha thamani kwenye gari langu, na bado haridhiki! Mmeona mwalimu wa namna hii?"

"Wah! Wah!" uwanja ukaitikia.

Kisha Pahalwan akamkumbatia, mdomo wake ukawa sikioni pa Nazakat, sauti ikawa ya chini na ya kirafiki.

"Siku ile ile ya kwanza, Ustadh, niliegemeza ndoo ya mtindi nyuma ya kiti changu. Nikafungulia redio. Nilipofika dukani, siagi ilikuwa imepanda juu, donge zima. Mimi nimekaa na maziwa tangu nizaliwe. Muziki haujawahi kunitolea siagi."

Nazakat alijaribu kujichomoa, lakini kumbatio halikumpa nafasi.

"Nikafungua kiti," Pahalwan aliendelea. "Nikacheka hadi mama akaja kuniuliza. Ningekuvunja mguu siku hiyo hiyo. Lakini mtu mwenye mguu uliovunjika angenifungiaje sabufa ya kweli?"

"Lile debe..."

"Nililikata mwenyewe. Siku ya majaribio bampa yako ilikuwa imegusana na yangu na ikawa inatetemeka zaidi ya yangu. Nikarudi wakati wewe uko kwa mama yako, nikafunua kitambaa, nikapima."

"Pahalwan-ji, yule ni Malika! Sina mwingine! Nichukulie gari langu, nichukulie chochote, yule niachie!"

Hilo lilimtoka kwa sauti ya kweli, hata Pahalwan akalegeza mikono kidogo.

"Basi sema," alimwambia taratibu. "Geuka uwaambie vijana hawa kwamba ile ni yako na unaitaka. Watakuuliza ni nini basi ulichoniuzia chini ya kiti. Utawajibu mwenyewe."

Nazakat aliwatazama vijana. Vifua vyote vile vilikuwa vinampigia makofi. Akarekebisha kilemba.

"Itumie kwa afya, mwanangu," alisema, na sauti ikamkatika katikati.

Hakuna kijana hata mmoja aliyekuja kuweka oda. Pahalwan aliwaeleza baadaye, kwa masikitiko makubwa, kwamba amewapima vifua na hakuna aliyefikia inchi kumi na nane.

Siku hizi kila asubuhi Nazakat anakaa pale pale kwenye benchi la Phajja. Siagi inakuja kama walivyopatana, maana kimota cha rejeta bado kinafanya kazi chini ya kiti, na Pahalwan ni mtu wa neno lake pale neno lenyewe linapomchekesha. Muda mfupi kabla ya siagi, glasi za Phajja huanza kutetemeka rafuni, benchi nalo, na Nazakat huweka mkate chini na kutazama barabara. Mehran nyeupe hupita imeinama, madebe yanang'aa, na Malika ananguruma toka ndani ya mojawapo. Yeye huitazama mpaka ikate kona, halafu hubaki ameweka mkono kwenye benchi mpaka mtetemo uishe.

Juzi mgeni mmoja mwenye kigari kidogo alikuwa pale anakunywa chai gari lilipopita. Akaruka na glasi yake.

"Yaa Mungu! Kitu gani kile? Kiko wapi ndani ya gari lenyewe? Nani kamfungia mzee yule?"

"Mimi," Nazakat alisema.

Mgeni akamtazama, kuanzia kandambili hadi kilemba cha waridi ambacho sasa kilikuwa kimepauka. "Wewe?"

"Mimi kwa mikono yangu. Sabufa halisi, inchi kumi na mbili, ndani ya debe la maziwa. Kila skrubu nimekaza mara mbili. Nikufungie na wewe?"

Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilowahi kumwambia mteja, na uso wake wote ulionyesha kuwa haujaizoea kazi hiyo. Mgeni akageuka kwa Phajja kutafuta msaada.

"Kunywa chai yako, ndugu yangu," Phajja alimwambia. "Usimsikilize huyo. Sabufa ndani ya debe la maziwa, wapi na wapi? Majuzi tu alikuwa anauza spika za kuweka chini ya makalio."

Mgeni akacheka, akalipa, akaenda zake. Nazakat akavuta jani la siagi, akapaka mkate wake hadi pembeni, akala. Siagi ilikuwa nzuri, na hilo hakuweza kulikana.